Sheria ya Keyonna

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Mama yangu alikuwa akisema hasira itanizeesha kabla ya wakati. Nimefika miaka thelathini na tano, nina mjukuu mmoja, na meno yangu yote bado ninayo, kwa hiyo naona alikosea. Lakini hasira niliyoipata mwaka ule sikuwahi kuijua kabla. Na ilianza na makofi.

Tulikuwa tumeketi kwenye roshani ya wageni, juu ya ukumbi wa Seneti ya jimbo letu: mimi, binti yangu Keyonna, mwanawe Amos aliyekuwa na miezi minane, na Bi Earnestine Mabry aliyekuwa akimlea Amos shuleni. Pale wana desturi yao. Seneta husimama na kuwataja wageni wake walioketi juu, wageni nao husimama, kisha ukumbi mzima hupinda shingo na kuwapigia makofi. Seneta wetu, Thornwell Gaddis, alinyanyuka akanyoosha kidole.

"Yule pale ni Keyonna Pickens," alisema. "Ana miaka kumi na saba, ana mtoto mchanga, na hajaacha shule! Muswada huu utaitwa kwa jina lake. Sheria ya Keyonna."

Wakasimama wote, wa chama hiki na wa chama kile. Amos aliogopa kelele akaangua kilio, wao wakacheka kwa upendo kana kwamba ni mtoto wao. Gaddis alitoa leso akajifuta macho. Kura zilipopigwa, hakuna hata mmoja aliyesema hapana.

Muswada wenyewe ulihusu chumba kimoja, angalau kwetu sisi. Katika sekondari ya mji wetu kuna chumba kando ya bwalo la chakula. Humo Bi Earnestine alikuwa akiwalea watoto wa wanafunzi. Msichana anamwacha mtoto asubuhi, anaingia darasani, saa ya chakula anakuja kumnyonyesha, alasiri anamchukua. Hakuna uchawi hapo. Kabla ya chumba kile, kwetu ukipata mimba ulikuwa unarudisha vitabu na kwenda kiwandani kukata kambare. Najua, kwa sababu ndivyo nilivyofanya mimi nilipombeba Keyonna, na hadi leo bado nakata kambare. Chumba kilikuwa kinaendeshwa kwa msaada wa shirika moja la hisani, na msaada ule ulikuwa unakwisha kiangazi. Muswada ungeleta fedha za jimbo ili chumba kibaki wazi, na vingine kama hicho vifunguliwe kwingineko, pamoja na walimu wa ziada kwa wale walioachwa nyuma.

Kabla ya kura, Keyonna alikuwa ameitwa mbele ya kamati aeleze. Walimpa dakika mbili. Alisema vizuri, hakutetemeka. Alipomaliza, mzee mmoja wa kamati aliinua kichwa kutoka kwenye kahawa yake.

"Na bibi wa mtoto? Si huyo hapo nyuma yako? Hawezi kumlea?"

Sikuruhusiwa kusema, lakini nilisema. "Bibi yake anakata samaki wako, bwana."

Chumba kizima kilicheka, hata yule mzee. Nilidhani tumeelewana.

Tulirudi nyumbani na basi la kanisa tukiimba njia nzima. Jumapili iliyofuata wanawake wa kanisa walikaanga kambare, wakaoka mkate wa mahindi, na mchungaji akamwita Keyonna mbele akamwekea mikono. Gavana alipoitia sheria saini alitupa kalamu yake, ndani ya kijisanduku chenye kitambaa cha bluu, nami nikaiweka juu ya friji ambapo kila anayeingia ataiona. Bi Earnestine alinunua rangi ya njano akapaka kuta za chumba kwa mkono wake.

Hilo ndilo kosa letu, na lilikuwa la mji mzima. Tuliona sheria imepita, tukadhani tumefika. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba katika jumba lile sheria ina chumba chake na fedha zina chumba chake, na si lazima vyumba hivyo vikutane. Ndani ya Sheria ya Keyonna palikuwa na maneno machache: itatekelezwa fedha zikipatikana. Bajeti ilipokuja mwisho wa kikao, hazikupatikana. Na Seneta Gaddis, mwenye leso, alikuwa mjumbe wa kamati ya bajeti. Aliinua mkono kule pia, kuipitisha bajeti isiyo na fedha zetu. Walituvika kilemba cha ukoka nasi tukatembea nacho barabarani kifua mbele.

Nilipiga simu ofisini kwake wakati wa mapumziko, nikiwa nimevaa buti za mpira, damu ya samaki hadi kwenye nyusi. Akapokea kijana mmoja, msaidizi wake, mwenye sauti laini.

"Sheria ilipita, mama," aliniambia. "Fedha ndizo hazikupita. Ni mambo mawili tofauti."

"Sasa sheria isiyo na fedha inafanya kazi gani?"

"Inaonyesha dhamira ya jimbo, mama."

"Hiyo dhamira inajua kubadilisha nepi?"

Akasema atafikisha ujumbe wangu. Nilikata simu, na siku ile nilichinja samaki vibaya sana hata msimamizi akaja kuniuliza kama naumwa.

Bi Earnestine alivumilia hadi Juni ilipokwisha. Kisha akaja kwangu, hakutaka hata kukaa. "Mkono mtupu haulambwi, Lorvetta," alisema. "Nimepata kazi kwenye nyumba ya wazee, kaunti ya pili. Ningeweza kukaa bure ningekaa, Mungu anajua." Sikumlaumu. Ana miaka sitini na tatu na mume mwenye figo mbovu. Lakini alipoondoka nilipiga teke ndoo ikafika kwa jirani.

Sasa Keyonna alibakiza mwaka mmoja. Mmoja tu! Usiku na mchana nilikuwa nawaza nani atamshika Amos. Kiwandani kwetu ukikosa zamu mara tatu unaambiwa usirudi, na mshahara wangu ndio uliokuwa unatuweka chini ya paa. Babake Amos alikuwa ameshahamia jimbo jingine na namba ya simu nyingine. Walezi wa mjini walitaka kwa wiki karibu kile nilichokuwa nalipwa. Jioni moja Keyonna alikuwa anamlisha mtoto viazi, akasema bila kugeuka:

"Mama, naenda kiwandani. Wanaajiri. Nikichukua zamu ya jioni na wewe ukabaki na ya asubuhi, tutapokezana Amos."

"Utaingia kiwanda kile nikiwa kaburini."

"Basi wewe mbona umo?"

"Nimo ili wewe usiwemo! Mtoto gani wewe husikii?"

"Nasikia, Mama. Haya, niambie. Nani atamshika?"

Nilichukua sufuria ya viazi nikaanza kuisugua. Hakuna kitu kinachouma kama mtoto wako kukuuliza swali la haki. Akampangusa Amos kidevu.

"Nitajaza fomu kwa kalamu ya gavana," alisema. "Sheria ya kuzuia watu wasiache shule ina jina langu, na mwenye jina anaacha shule. Hebu cheka basi."

"Sicheki."

"Hata mimi."

Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, simu iliita. Alikuwa Mwalimu Braswell, mwalimu mkuu. Alinifundisha hesabu zamani, kabla sijarudisha vitabu, na hadi leo hunisemesha kama nimekalia dawati.

"Lorvetta, Seneta Gaddis anakuja siku ya kwanza ya shule. Atakata utepe pale kwenye chumba cha watoto."

"Chumba gani, Mwalimu? Ndani kuna rangi ya njano na mende!"

"Najua."

"Utepe wa kufungua kitu kilichofungwa?"

"Uchaguzi ni Novemba," alisema, na nikasikia anapumua. "Ameomba Keyonna awepo. Na mtoto. Wavae vizuri."

Nilikuwa nimeshaandaa matusi, tena ya yale ambayo kanisani wangenifukuzia. Keyonna akanishika mkono. Alikuwa amesikia yote.

"Mwambie nitakuja," alisema.

"Kwa nini uwape sura yako tena?"

"Mwambie nitakuja, Mama. Na mtoto atavaa vizuri."

Siku ilipofika niliomba kuingia zamu ya saa tatu ili niwepo. Utepe ulikuwa wa rangi za shule, umefungwa kutoka fremu hadi fremu, na mlango wa chumba umefunguliwa nusu ili kamera ione ukuta wa njano, isione zaidi. Mkasi ulikuwa mkubwa kama wa kupogolea miti. Gaddis alizungumza juu ya mustakabali wa vijana wetu. Alisema yeye ndiye aliyeizaa sheria hii, naye ni baba mwenye fahari. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, nikawaza, na nilikuwa nimekunja ngumi ndani ya mifuko ya koti la kiwandani. Yule msaidizi mwenye sauti laini alikuwa kando yake, tai imenyooka, anatabasamu kwa kila mtu.

Keyonna alifika utepe ukiwa umeshakatwa. Hakuvaa gauni. Alivaa suruali ya shule, begi la vitabu mgongoni, Amos kiunoni, na mfuko wa vitu vya mtoto mkononi. Amos ndiye aliyevaa vizuri, shati jeupe na vifungo.

"Huyu hapa shujaa wetu!" Gaddis aliita. Na kama wafanyavyo wanasiasa wote wakiona mtoto na kamera mahali pamoja, akanyoosha mikono. "Hebu nimshike kidogo huyu kijana."

"Mshike, seneta," Keyonna alisema.

Kamera zikapiga picha. Amos alikuwa anacheza na tai ya seneta. Kengele ya somo la kwanza ikalia, na Keyonna akamvisha Gaddis ule mfuko begani, akaurekebisha mkanda usiteleze, kwa adabu kabisa.

"Chupa ya saa nne iko mfuko wa pembeni," alisema. "Nepi ziko chini. Akilia sana msugue mgongo, usimrushe, atatapika. Mimi natoka saa tisa."

Gaddis alicheka. Watu wengine pia wakacheka. "Binti huyu!" alisema. "Mpenzi, unakwenda wapi?"

"Nina hesabu," alisema Keyonna. "Sheria yako inasema nisikose."

Akageuka, akaingia jengoni. Hakukimbia. Mlango ulifungwa nyuma yake.

Kicheko kilikwisha kidogokidogo. Gaddis alimtazama msaidizi, msaidizi akamchukua Amos kwa mikono iliyonyooka, kama mtu anayepewa sufuria ya moto. Amos akaanza kulia. Msaidizi akamtazama Mwalimu Braswell. Kisha wote watatu wakafanya kile nilichojua watafanya. Waligeuka wakanitazama mimi.

"Kumbe bibi yupo!" alisema Gaddis, na uso wake ukapata damu tena. "Bi Lorvetta, tusaidie."

Akanisogezea mjukuu wangu. Na Amos aliponiona, akaninyooshea mikono yote miwili, machozi yanamtiririka hadi kwenye shati lake jeupe. Hapo ndipo walipokaribia kunishinda. Matiti yangu yaliuma kana kwamba ni mimi ninayenyonyesha. Kama ningempokea, jambo lote lingekwisha: mimi ningepoteza zamu, Keyonna angeenda kiwandani, picha ingetoka gazetini, na seneta angerudi zake akiwa na hadithi nzuri ya kuchekesha watu.

Mikono yangu ilibaki mifukoni.

"Zamu yangu inaanza saa tatu," nilimwambia. "Bibi yake anakata samaki wako, bwana. Mtoto ameitwa kwenye sherehe ya chumba chake, na chumba hicho hapo. Umekifungua mwenyewe sasa hivi."

Nikaenda. Nilimsikia Amos akilia hadi nikafunga mlango wa gari, na hata baada ya kuufunga. Niliendesha hadi kiwandani nikilia kwa hasira, na sitamsamehe Gaddis machozi yale, hata akinijengea vyumba mia.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Seneta alikuwa na utepe mwingine mji wa pili, akaondoka baada ya dakika chache, na kabla ya kuondoka aliwaomba waandishi waitumie picha ile ya kwanza. Waliitumia. Msaidizi alimwacha Amos mezani kwa mwalimu mkuu pamoja na kadi ya ofisi. Mwalimu Braswell, mwenye miaka hamsini na minane na ambaye hakuwahi kubadilisha nepi hata ya wanawe, aliahirisha kikao cha walimu.

Saa tisa Keyonna alimkuta Mwalimu amekaa kitini, koti amelivua, Amos amelala kifuani kwake. Shati lake lilikuwa limelowa maziwa hadi mkandani. Macho yake yalikuwa mekundu, na simu ilikuwa mkononi. Alikuwa akimpigia Gaddis tangu saa sita na kila mara akiambiwa asubiri.

"Keyonna," alisema kwa sauti ya chini ili asimwamshe mtoto. "Leo imepita. Kesho tutafanyaje?"

Keyonna alimchukua mwanawe, akamlaza begani, akauokota mfuko chini.

"Kesho naanza na historia," alisema. "Nitamleta saa mbili kasorobo."