Ule Wenye Kamba Nyekundu

Mafundi wenzake walimwita Kinyaa, na hakuna aliyewahi kusema jina hilo halimfai. Alikuwa fundi funguo wa kufuata wateja walipo, mwenye kigari chake cha kazi chenye mashine ya kukatia funguo nyuma na dumu la maji ya kunawa mbele. Lakini ukimtazama akifungua mlango wa gari la mtu, ungedhani anafungua choo cha stendi. Anavaa glavu kwanza, anabana pumzi, kisha anapitisha kitambaa chenye dawa kwenye usukani mara tatu.

Na msimcheke, maana ndani ya magari ya watu kuna mambo. Aliyaona maziwa ya mtoto yaliyoganda katikati ya viti hadi yakaota manyoya. Aliona mifupa ya kuku, na kucha zilizokatwa zikaachwa pale pa kuwekea sarafu. Waliomshinda kabisa ni wale wanaochokonoa masikio kwa ufunguo wa gari, wakaupangusa kwenye suruali, wakamkabidhi. Mmoja wa namna hiyo alikuwa amemhudumia asubuhi hiyohiyo, na chai aliyokunywa ilikuwa bado inamkaa vibaya tumboni.

Ndiyo maana alipofika kwa mteja wa pili alijiona amependelewa. Geti lilifunguliwa na mwanamume wa miaka arobaini hivi, shati limenyooka, marashi ya kiasi, kucha safi. Gari lenyewe, dogo, la rangi ya maziwa, liling'aa hata ungeweza kuinama ukachana nywele kwa kujitazama kwenye mlango wake. Kinyaa akaegesha kigari chake palepale getini, akashuka anatabasamu, jambo ambalo wateja wake wengi hawajawahi kulishuhudia.

Mteja alieleza shida yake bila kusitasita. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, na jana ulimponyoka ukaangukia mtaroni, ukaenda na maji. Akaonyesha picha ya kadi ya gari kwenye simu, akaonyesha na kitambulisho chake. Sasa, Kinyaa ana sheria yake: kadi yenyewe aishike mkononi, asome jina herufi kwa herufi, la sivyo hakati ufunguo hata kwa shemeji yake. Siku hiyo alitupia jicho simu, akaona jina la ukoo ni lilelile, akatosheka. Mtu msafi namna hii, alijiambia, atakuwa mwizi wa nini?

Mteja akaongeza kwa sauti ya chini kwamba ndani yupo mama yake, anaoga. Akitoka akasema lolote, fundi asimjali, kwa sababu siku hizi akili zake zinakuja na kuondoka. Kinyaa akampa pole.

Mlango aliufungua kwa kimfuko cha hewa na waya mrefu, bila mkwaruzo hata mmoja. Ndani kulinukia sabuni. Viti vilikuwa na vitambaa vya kufuma kwa mkono, na juu ya dashibodi palikuwa na miwani ya kusomea, fremu ya maua, juu ya mfuko wake. Hakujiuliza mwanamume huyu na miwani ya maua wapi na wapi. Alipima kitasa, akakata ufunguo mpya, akaulainisha kingo, kisha akachomeka kompyuta yake chini ya usukani. Magari ya siku hizi hayaangalii meno ya ufunguo peke yake. Kwenye kichwa chake mna chipu, na gari lisipoitambua, injini haiwaki.

Kompyuta ikauliza swali lake la kila siku: funguo zote zisizokuwepo hapa zitafutwa, endelea? Mteja alikuwa akichungulia begani kwake.

"Kwa hiyo za zamani zinakufa zote?"

"Zote, kaka."

"Hata ule wenye kamba nyekundu?"

Kidole cha Kinyaa kikasimama hewani. Mtu ambaye ufunguo wake mmoja umeenda na maji ya mtaro, huu wa kamba nyekundu kautoa wapi? Akageuka kumtazama. Mteja hakupepesa. Alicheka kidogo, akasema ndio huohuo wa mtaroni, anaogopa tu asije akauokota mtu. Lilikuwa jibu zuri, zuri kupita kiasi, na pua ya Kinyaa ililinusa kama inavyonusa maziwa yaliyoganda kabla mlango haujafunguliwa. Lakini jua lilikuwa limepanda, kazi imebaki hatua moja, na kiti alichokalia kilikuwa safi. Akabonyeza.

Ufunguo mpya ukawasha gari mara moja. Mteja akalizima, akafunga milango, akautia ufunguo mfukoni, akamwomba fundi asubiri kidogo asiondoke.

Mlango wa nyumba ukafunguka, akatoka mama wa umri wa kuheshimiwa, mwembamba, gauni limepigwa pasi, mkoba begani na kitabu kinene kwapani. Kinyaa akampa shikamoo, akaitikiwa. Mama akauliza gari lina nini, mwanawe akajibu fundi anaangalia taa. Vizuri, akasema mama, maana amechelewa. Mwenzake aliyefundisha naye shule moja miaka ishirini amepofuka, na kila Alhamisi yeye huenda kumsomea sura mbili, na leo kitabuni wamefika pale mwenye duka anapokamatwa. Kinyaa alisikiliza, na hakusikia akili yoyote iliyoondoka. Mama akafungua mkoba, akatoa ufunguo wake. Ulikuwa na kamba nyekundu.

Akabonyeza, gari likakaa kimya. Akausogeza karibu, akaupangusa kwenye gauni, akabonyeza tena. Akafungua mlango kwa kuzungusha ufunguo kitasani, akaketi, akawasha. Injini ikashtuka, ikazima. Kijitaa cha ufunguo kikawa kinapepesa mbele yake. Akajaribu tena na tena, akainama kuangalia makanyagio kana kwamba mojawapo limehama.

Ndipo Kinyaa alipoona mteja ameinua simu. Alikuwa anamrekodi.

"Mama, umesahau hata kuwasha gari?" alimwuliza kwa upole wa kubandika. "Gari lako mwenyewe? Dada zangu nikiwaambia hawaamini. Ngoja wajionee."

Kichefuchefu kikampanda Kinyaa hadi kooni. Mkono wake huu umewahi kutoa panya aliyeoza kwenye boneti, na hakuhisi hivi. Sasa alielewa kwa nini huyu bwana hakuuiba tu ufunguo wa mama yake. Ufunguo ulioibwa ungemfanya mama alalamike. Ufunguo uliokufa ungemfanya ajitilie shaka mwenyewe, na mabinti zake wamtilie shaka, na baada ya gari wangemnyang'anya nyumba, wakimwonea huruma. Yale marashi aliyoyasifia moyoni yakawa yananuka kuliko masikio ya mteja wa asubuhi. Na lililomchefua kuliko yote ni kwamba kidole kilichofanya kazi hiyo kilikuwa chake.

Mama akainua uso. "Fundi, mwanangu. Kuna kitu nimekosea?"

Kinyaa akamwuliza kama kadi ya gari anayo, naye akaitoa mkobani, imetiwa kwenye plastiki. Akaisoma herufi kwa herufi, kama alivyopaswa kufanya saa nzima iliyopita. Jina la mwanzo halikuwa la mwanamume. Akaomba ufunguo wenye kamba, akachomeka kompyuta upya. Mteja akashusha simu, akamwambia afungashe vyombo vyake aende, kazi yake imekwisha.

"Endelea kurekodi, kaka," Kinyaa akasema. "Ndiyo kwanza panafika pazuri."

Kompyuta ikauliza: funguo zote zisizokuwepo hapa zitafutwa, endelea? Akaweka mbele yake ufunguo mmoja tu, ule wenye kamba, akabonyeza kwa kidole kilekile. Kisha akamwomba mama ajaribu. Gari likanguruma.

"Hukukosea kitu, Mama," akasema. "Nimekosea mimi. Ufunguo wako niliuua mimi, kwa sababu mwanao aliniomba, na sikutaka kumwuliza mara ya pili."

Mama akamtazama mwanawe jinsi mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyemfundisha mwenyewe, na mwanawe akautoa ule ufunguo mpya mfukoni na kuubonyeza, bila kujua kwamba anaubonyeza. Gari halikumwitikia.

"Hiyo video watumie dada zako," mama akasema. "Itume yote. Usikate mwisho."

Kisha akamwomba fundi aondoe kigari chake getini, maana amechelewa. Kinyaa akakiondoa mbiombio bila kunawa. Mama alipopita karibu naye hakumshukuru, na Kinyaa aliona ni haki yake.