Ukaguzi wa Alhamisi na Jeshi la Kweleakwelea

Kwa heshima na taadhima, ninawatangazia wananchi wote wa bonde la Kilombero, wakiwemo wakulima, wavuvi, walimu na kuku wao, kwamba mimi, Beatus, mwenye umri wa miaka kumi na sita na elimu ya bweni isiyotiliwa shaka, niliwahi kuwa Mthibiti Ubora wa Shule kwa muda wa siku mbili. Uteuzi wangu ulifanyika chooni. Nilijiteua mwenyewe, kwa simu ya mama, mlango ukiwa umefungwa kwa kamba ya katani.

Naomba nieleze mazingira ya uteuzi huo.

Ilikuwa mwezi wa tano. Shule yetu ilikuwa imefungwa kwa wiki mbili kwa sababu ya ugonjwa wa macho mekundu. Wenzangu waliondoka wakitokwa machozi ya ugonjwa, mimi nikiondoka na machozi ya furaha, na mlezi wa bweni hakutambua tofauti. Nilipofika kijijini kwetu, mbele kidogo ya Idete, nilikuta nyumbani kuna kesi. Iliyokuwa ikisikilizwa ni kesi ya mdogo wangu Digna, miaka minane, darasa la tatu, meno mawili ya mbele hayapo.

Aliyefungua kesi alikuwa baba mdogo Zakayo, mwenye mashine ya kukoboa mpunga Ifakara mjini. Tangu baba yetu afariki, yeye ndiye mwenye neno la mwisho juu yetu. Jumapili baada ya misa alikaa kwenye kiti chetu pekee chenye mto, akasema Digna apelekwe shule ya bweni.

"Shule hapa si ipo, shemeji?" mama akauliza.

"Ipo. Hata kisima kikavu kinaitwa kisima. Nimesikia darasani watoto hawaonekani. Muulize Beatus tofauti yake. Beatus, huko bwenini mnaishije?"

"Kama wafalme, baba mdogo."

Lilinitoka lenyewe. Ni jibu nililolitoa kwa miaka minane kila nilipoulizwa, na mdomo ulikuwa umeshalizoea.

"Umesikia, shemeji? Alhamisi nakuja kuiona hiyo shule yenu kwa macho yangu. Nikiridhika, mtoto abaki. Nisiporidhika, naondoka naye siku hiyo hiyo."

Jioni Digna alinifuata nikiwa nachota maji. "Kaka, kule unalala na nani?"

"Na wavulana arobaini."

"Sasa ukiota ndoto mbaya unamwamsha yupi?"

Nilijitwisha ndoo, nikatangulia nyumbani.

Jumatatu asubuhi nikaenda kuipima shule hiyo kimyakimya kupitia dirishani. Nilihesabu darasa la tatu: ishirini na sita. Ubaoni, kwenye kona, Mwalimu alikuwa ameandika idadi ya walioandikishwa: sitini na moja. Darasa la nne vivyo hivyo. La tano vivyo hivyo. Nusu ya shule haikuwepo. Msomi wa kawaida angeuliza wengine wako wapi. Mimi sikumuuliza mtu. Nilihitimisha kwamba ni watoro, kwamba baba mdogo Alhamisi atakuta madawati matupu, na kwamba Digna ataondoka akiwa amekaa nyuma ya pikipiki.

Jumanne ndipo nilipokumbuka laini ya zamani ya mama, iliyokuwa ndani ya kopo la vifungo. Nikaiweka kwenye simu, nikajifungia mahali palipokwisha kutajwa, nikaandika:

"Mwalimu Mkuu, habari za majukumu. Alhamisi saa tatu asubuhi timu ya uthibiti ubora itafika shuleni kwako. Wanafunzi wote wawepo darasani bila kukosa. Mazingira yawe safi."

Nikausoma ujumbe wangu. Ulipungukiwa uzito. Nikaongeza: "Wazazi wote wahudhurie." Sentensi hiyo ndogo, ndugu zangu, ndiyo iliyokaribia kutunyima wali kijiji kizima.

Jumatano kijiji kilichemka. Uwanja ulifagiliwa mpaka vumbi likaisha. Mawe ya njiani yalipakwa chokaa. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Febronia, mwanamke mfupi mwenye sauti inayovuka mto, alipita nyumba kwa nyumba.

"Mama Beatus, kesho zamu zimefutwa. Watoto wote darasani, wazazi wote uwanjani."

"Na ndege je, Mwalimu?"

"Wageni watakaa saa mbili tatu tu. Tutawahi."

Nililisikia hilo neno, zamu. Nilidhani ni mambo ya kufagia. Nilikuwa nimeondoka hapa nikiwa na miaka minane, na mambo ya mashamba nilikuwa nayajua kwa upande wa kula tu.

Alhamisi saa mbili na nusu baba mdogo akafika na pikipiki, na nyuma yake amefunga tranka jekundu jipya. Lakini shule ilikuwa imejaa. Mungu wangu, ilikuwa imejaa mpaka madirishani. Watoto wamebanana watano kwenye dawati la watatu, nywele zimenyolewa, miguu inang'aa mafuta. Wazazi wamejaa uwanjani na nguo za Pasaka. Mimi nikiwa na koti langu la shule, nikamwongoza baba mdogo darasa kwa darasa.

"Shikamoo, mgeni wetu," wakasema watoto sitini na moja kwa pamoja.

"Marahaba. Mmh. Wako wengi kumbe."

"Ni kila siku, baba mdogo," nikasema. Darasa zima likanigeukia. Digna alinitazama kwa namna ambayo mama hunitazama nikidanganya.

Saa tatu ikapita. Saa tatu na nusu. Wakaguzi hawaonekani, na mimi ndiye pekee niliyejua kwamba mkaguzi amesimama pale na koti lililombana. Mwalimu Febronia alikuwa akitembea mlangoni, simu mkononi. Kwaya ya shule ikaimba mara ya pili. Baba mdogo akaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi nikaanza kujipongeza.

Kisha mwanga ukapungua kidogo, kana kwamba kuna mtu amepita mbele ya jua. Mzee Agapiti, ambaye majaruba yake ya mpunga yanapakana na uwanja wa shule, akainuka kwenye benchi polepole.

"Ndege," akasema.

Nilitazama nje. Ule haukuwa msururu wa ndege, lilikuwa shuka. Shuka la rangi ya udongo lilitoka upande wa milimani, likajikunja, likajikunjua, na kila lilipogeuka lilitoa mvumo kama mvua inayokuja juu ya bati. Kweleakwelea. Maelfu, na mpunga wetu wote ulikuwa umetoa masuke laini, na mashambani, kwa amri ya Mthibiti Ubora, hakukuwa na nafsi hata moja. Kina mama wakaanza kukimbia na viatu vya misa mikononi.

Hapo ndipo Mwalimu Febronia aliporuka ngazi za ofisi zote mbili kwa pamoja.

"Wakaguzi watatukuta huko huko," akasema, kisha akapaza ile sauti yake. "Darasa la tatu, madungu ya mtoni. La nne, ya reli. La tano na la sita, kwa mzee Agapiti. La saba, debe. Mnajua mahali penu."

Na kweli walipajua. Hakuna aliyegongana na mwenzake. Watoto mia nne walimwagika milangoni na madirishani kama maharage kutoka kwenye gunia lililopasuka, kila darasa likashika tuta lake, wakapita juu ya kingo za majaruba bila kukanyaga hata suke moja, wakapanda yale majukwaa ya miti tunayoyaita madungu, sita sita, kombeo kiunoni. Nilikimbia nyuma ya Digna. Baba mdogo alikimbia nyuma yangu na kiatu kimoja, kingine kikiwa kimebaki kwenye tope.

Nilipanda dunguni kwa mdogo wangu nikihema. "Sasa tunapiga kelele gani?"

"Subiri zamu yetu," akasema. "Leo ni jedwali la saba."

Kutoka dungu la mtoni kabisa sauti za watoto sita zikapasuka: "Saba mara moja?"

"Saba," likajibu dungu la pili, na ndege waliokuwa wameanza kutua wakainuka kwa hofu.

"Saba mara mbili?" likauliza la pili.

"Kumi na nne," likajibu la tatu, na shuka lote likasogea hatua mia moja mbele.

Swali lilikuwa likitembea bondeni pamoja na ndege. Dungu likichelewa kujibu, ndege wanatua hapo hapo, na wote wanaona nani hajasoma. Kule reli darasa la nne walikuwa na jedwali la tisa, na kwa mzee Agapiti la tano walikuwa wakitaja mikoa na makao yake makuu, debe likilia kila baada ya mkoa.

"Piga debe, msomi," Digna akaniambia. "Usisimame tu na koti."

Nikapiga. Chini yetu baba mdogo alikuwa amesimama kwenye maji mpaka kwenye mashavu ya miguu, mdomo wazi, mikono juu, akitimua ndege kwa kofia.

"Saba mara nane?" likafika swali kwetu.

"Hamsini na nne," baba mdogo akanguruma kwa nguvu zake zote, mtu mwenye mashine mjini.

Ndege mia mbili hivi wakatua karibu naye.

"Hamsini na sita," Digna na wenzake watano wakampigia kelele juu ya kichwa, na ndege wakaruka.

"Anko, usijibu kama huna uhakika," akasema Nikodemu, kijana mdogo kuliko wote pale juu. "Unatulishia ndege."

Baba mdogo akacheka mpaka akashika magoti. Tuliendelea hivyo kwa saa nzima, saba, nane, tisa, kisha kumi na mbili, sauti zikitukauka, mikono ikiwaka moto kwa debe, na sijawahi katika maisha yangu ya bweni kulifurahia somo la hesabu namna ile. Mwalimu Febronia alipita juu ya kingo kutoka dungu hadi dungu, kibao kidogo cheusi kwapani, akisahihisha. Hatimaye shuka likainuka lote kwa pamoja, likageukia upande wa Chita, likawa doa, likaisha.

Tulishuka. Hasara haikuwa kubwa, ila jaruba moja la mzee Agapiti lilikuwa limenyolewa ukingo mzima, masuke yamesimama kama miswaki iliyochakaa.

"Mwalimu," baba mdogo akasema, akikamua suruali, "hii mmeianza leo?"

"Leo? Huu ni mwaka wa nne. Msimu wa ndege nusu ya darasa inasoma ndani asubuhi, nusu iko madunguni na mwalimu mmoja. Mchana wanabadilishana. Tulipatana na wazazi, kwa sababu zamani mwezi wa tano tulikuwa tunafundisha kuta. Leo tu ndiyo tumewatoa wote, kwa ajili ya wageni." Akaitazama simu yake. "Ambao simu yao imezimwa tangu Jumanne."

Nikajifanya naondoa tope kwenye koti.

"Kwa hiyo sikuwa na njia ya kuwapata," akaendelea taratibu, "nikaona angalau nijue jina. Nikaingia kwenye kutuma pesa, nikaandika namba ya mkaguzi, nikaweka shilingi elfu moja. Kabla hujathibitisha, simu inakuletea jina la mwenye laini. Beatus, unataka kulisoma?"

"Hapana, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Soma."

Nikasoma. Lilikuwa Scolastica, pamoja na jina la babu yangu na la ukoo. Mama, aliyekuwa amesimama na khanga iliyolowa mpaka kiunoni, akasogea, akalisoma jina lake mwenyewe, kisha akanitazama mimi.

"Ni wewe uliyetutoa mashambani?" mzee Agapiti akauliza.

"Ni mimi, babu."

"Mtu anajifunza wapi uongo wa namna hii?" baba mdogo akasema.

"Bwenini, baba mdogo."

Kuna mtu alicheka, lakini si mama. Baba mdogo hakucheka pia. "Nakuuliza kiume. Kwa nini?"

Nilikuwa na hotuba tayari, yenye maneno kama mujibu na mustakabali. Nilifungua mdomo ikawa imeondoka na ndege. Nikasema niliona madawati matupu nikadhani shule ni mbovu, na sikumuuliza hata mdogo wangu mwenyewe. Nikasema niliogopa atachukuliwa.

"Si ulisema mnaishi kama wafalme?"

"Nilisema uongo."

"Na zile barua zako? Mkate wa siagi, godoro laini?"

"Barua zilisomwa na mlezi kabla ya kutumwa. Nikazoea kuandika hivyo, halafu nikazoea kusema hivyo." Watoto walikuwa wametuzunguka, mia nzima. Nikawa naangalia tope. "Nilifika nikiwa na miaka minane. Nililia muhula mzima, ndani ya shuka ili wasinisikie. Nilikojoa kitandani mpaka Pasaka, wakaniita Mto Kilombero. Sasa nimezoea, ninafaulu, siwalaumu. Ila Digna anaogopa ndoto, baba mdogo, na hesabu anaijua kuliko sisi wawili. Muache hapa. Jaruba la babu nitaliamia mimi, nifukuze ndege kila siku, mpaka nirudi shule."

Mama akanishika shingo kwa nyuma, kwa nguvu, nisijue kama ni adhabu au ni nini. Baba mdogo alitafuta kiatu chake kwa macho.

"Mtoto atabaki," akasema. "Na wewe kesho saa kumi na mbili uwe dunguni."

Digna akanivuta mkono wa koti. "Kweli ulikojoa mpaka Pasaka?"

"Mpaka baada ya Pasaka kidogo," nikakiri.