Mikono ya Gauni la Mwali

Mama nisiyemjua alikuwa ameketi kwenye kibaraza chetu pale Kilakala, kanga yake imetapakaa matope hadi magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Shadia unayenunua nguo kwa fundi Oscar?"

Nikakubali, tena kwa fahari kidogo. Tangu nimalize chuo Mzumbe nilikuwa nimeacha nguo mpya za madukani. Fundi Oscar ana kibao: nguo isiyochukuliwa kwa miezi mitatu inauzwa. Nilizinunua kwa bei ya chee, nikiwahubiria rafiki zangu kwamba hivi ndivyo mtu anavyovaa bila kumuumiza mwenzake.

"Nimefuata gauni la mwanangu Mwanaasha," alisema. "La kijani, maua meupe. Nilishalilipia lote. Mvua ikakata barabara ya Kinole, sikuweza kushuka. Na mwali anatoka unyagoni Jumamosi."

Sikuwahi kujiuliza kwa nini watu hawarudi kuchukua nguo zao. Nilidhani wamezichoka, kama ninavyozichoka zangu.

Nilifungua kabati. Nguo kumi na nne, nyingine sijazivaa hata mara moja. Kila moja ilikuja na karatasi yenye jina la mwenyewe, imebanwa kwa pini. Karatasi nilizitupa. Pini nilizihifadhi kwenye kopo, maana sipendi kuharibu vitu.

Mama alilitandaza gauni mapajani, akapapasa mabega.

"Mikono iko wapi?"

"Niliikata. Nilitaka liwe la kisasa."

"Ukaiweka wapi?"

Nilishindwa kumtazama. "Ni vitambaa vya kufutia vumbi."

Hakunigombeza. Alisema polepole, kama anayejizoeza, "Basi atatoka mabega wazi mbele ya wajomba zake."

"Ijumaa nitakuletea, mama. Likiwa na mikono."

Nilizunguka sokoni siku mbili. Kitambaa kile hakikuwepo. Kilichokaribiana nacho kilikuwa kimoja tu: sare yangu ya sendofu, sherehe ya kumuaga dada Shakila kabla ya ndoa, Jumamosi hiyohiyo.

"Dada, nguo mpya hiyo," fundi Oscar alisema nilipompelekea sare, mkasi mkononi.

"Kata. Na mimi sinunui tena nguo yenye jina la mtu."

Shakila aliniangalia kama anayemtazama mgonjwa. "Ndugu wote wa kijani, wewe utakaa na wapishi."

"Nitakaa nao."

Alinisusia hadi Ijumaa. Siku hiyo pikipiki ilinifikisha barabara ilipokatika, nikapanda kwa miguu hadi Kinole. Mama alilipeleka gauni kwenye mwanga wa mlangoni.

"Kijani hiki si kile."

"Si kile, mama."

Akaingia nalo ndani alikowekwa mwali. Nilibaki nje na viatu vyangu vya matope. Halafu msichana akasema, "Mama, mikono imenienea."