Kikombe cha Dirishani

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na fundi cherehani huyu alikwisha kuumwa na mdogo wake mara nyingi. Ilipotea pasi, ikafuata redio, ikafuata suti ya bwana harusi wa watu. Kwa hiyo kijana aliporudi kutoka kituo cha kuachia madawa akisema unga basi, dada mtu alimkumbatia, akalia kwa furaha, kisha akaificha cherehani chini ya kitanda chake.

Kijana mwenyewe mtaa ulimwita Msumari, kwa wembamba. Kila kukicha alitoka kabla ya chai, akarudi ametulia mno, macho mazito. Macho yale fundi aliyajua.

"Unatoka wapi?"

"Hospitali, dada. Nakunywa methadoni, inazuia arosto."

Arosto fundi hakuhitaji kuelezwa. Alikwisha kuyaona sebuleni kwake yale mateso ya mtu aliyekosa unga. Ila dawa gani hiyo ya kunywea huko huko, wakati wagonjwa wenzake hurudi na vidonge vyao nyumbani?

Siku moja akamfuata kimyakimya. Nyuma ya hospitali palikuwa na dirisha la nondo na foleni ya watu. Nesi alimimina dawa kikombeni, Msumari akainywa, akashushia maji.

"Haya, zungumza," nesi akamwambia.

"Leo nimeamka salama," akasema Msumari, kisha akaachama aonekane hadi kooni.

Fundi akajipenyeza mbele. "Mbona mnamzungumzisha, nesi?"

"Tujue amemeza, mama. Wengine huificha mdomoni wakaiuze."

"Kumbe inauzika!"

"Ni ya jamii moja na ule unga, ila hii ina kipimo na inamtuliza. Akishatulia tutampunguzia taratibu. Kumkatisha ghafla ni hatari."

Katika maneno yote hayo mazuri, fundi aliondoka na mawili tu: jamii moja.

"Umeruka mkojo, umekanyaga mavi," alimwambia mdogo wake njiani.

Kesho yake alfajiri akatia kufuli mlangoni ili aende kutafuta vitambaa. Msumari alibembeleza kwa ndani. "Dada, nifungulie. Nikikosa hii, yule rafiki yangu wa unga ataniletea ule."

"Ndiyo maana nafunga."

Ubishi wa fundi, hata ukiuchoma sindano, haiingii. Alirudi adhuhuri imepita, akamkuta rafiki mwenyewe ameegemea ukuta wa nyumba, anapiga mluzi. Akamtimua kwa matusi, akafungua mlango. Msumari alikuwa amejikunyata pembeni, jasho linamtoka, kamasi zinamchuruzika, anapiga miayo bila kikomo. Dirisha lilikuwa wazi, na halikuwa na nondo.

Hata pole hakumpa. Alimpekua mifukoni, soksini, mpaka chini ya ulimi, na kijana akatulia apekuliwe. Hakukuwa na kitu. Hapo ndipo aibu ilipomshika fundi, akashindwa kumtazama usoni.

"Dirisha hili hapa. Mbona hukutoka ukaenda hospitali?"

"Ningetoka nisingefika, dada. Yule rafiki alikuwa hapo nje ananingoja."

Fundi akamshika mkono, wakaenda mbio mbio kama wanaodaiwa. Nesi alikuwa ameshika komeo anataka kufunga. Alimtazama kijana, akamtazama dada, akanyanyua kikombe bila kuuliza. Msumari akanywa. Alipoambiwa azungumze, meno yalikuwa yakigongana, ikabidi nesi asubiri.

Walirudi polepole. Fundi alikuwa amechoka na majuto, lakini hakutaka kumdanganya.

"Nikwambie kweli, mdogo wangu. Mimi bado sikuamini."

"Hata mimi sijiamini, dada," akasema Msumari. "Ndiyo maana nakwenda kila siku."