Risasi Iliyotoka mu Chambre

Siku ya Mardi, saa tatu na dakika makumi mbili ya asubui, Maliro fundi wa kushona alikuwa anafupisha suruali ya polisi. Alikuwa amekaa ku baraza ya nyumba yake, commune ya Kimemi, mu Butembo, machine mbele yake na mita ya kupimia ku shingo. Mwenye suruali, agent Tshibangu, alisimama karibu akingoja. Suruali ya kazi alikuwa nayo moja tu, donc Emérence, bibi ya ndoa ya Maliro, alimuazima kikwembe chake chenye maua ya manjano. Tshibangu alikifunga ku kiuno, akabakia na kofia ya Serikali ku kichwa na bunduki mu mikono, mudomo wake ukiangalia kifua cha fundi.

"Afande," Maliro alisema, pini ikiwa mu meno, "geuza kale kadomo upande wa barabara. Ama upande wa mawingu. Mimi niko na kazi."

"Usiogope, papa. Nimetoa chargeur na risasi zake zote. Haina kitu."

Tshibangu aliinama kuangalia kama mushono umefika fasi ya kisigino. Kikwembe kikaanza kufunguka. Akakishika kwa mukono wa kushoto. Kidole cha mukono wa kuume, ambacho kilikuwa kinakaaka ku gâchette siku zote sawa ndege ku tawi, kikavuta.

Bunduki ililia, risasi ikatoka.

Ilitoka bila haraka. Vitu vya Serikali kwetu havikimbiaka. Ilisimama kidogo mbele ya mudomo wa bunduki, sawa mutu ametoka mu kanisa na jua limemupiga ku macho, kisha ikaanza kwenda kwa Maliro, urefu wa kifua, mwendo wa sista anayeenda kupokea komunyo.

Maliro alichomoa pini mu meno, akasimama, akasogea kuume. Risasi nayo ikasogea kuume. Akasogea kushoto, ikageuka kushoto. Akazunguka machine, akatoka ku mulango wa parcelle mupaka njiani. Risasi ikapita juu ya machine, ikatoka ku mulango ule ule.

"Inakutafuta weye," alisema Rébecca, jirani aliyekuwa anauzisha beignets za unga kandokando ya njia. Alivuta beseni yake ili risasi ipate kupita. "Afande, ni yako hii?"

"Imetoka yenyewe," Tshibangu alisema.

"Sikuuliza imetoka namna gani. Nimeuliza ni ya nani. Iite basi. Kitu kinajuaka mwenyewe."

Tshibangu alipiga muluzi kidogo, sawa mutu anaita mbwa. Risasi ikasimama. Ikageuka, ikamuangalia. Batu kumi na tano hivi balikuwa bamefika, nabo bakamuangalia.

"Sasa sema ni yako, uiweke mu mufuko," Rébecca alisema. "Papa wa watu arudilie kazi."

Tshibangu alifungua kinywa. Lakini kati ya bale batu kulikuwa chef wa avenue, na katekista, na mutu mumoja aliyenyanyua téléphone juu kupiga picha. Polisi akisema risasi ni yangu, kuna prison nyuma ya lile neno.

"Hapana," alisema. "Imetoka yenyewe."

Risasi ilimungojea kidogo tena, labda atakumbuka. Hakukumbuka. Ikamurudilia Maliro, na Maliro akaanza kutembea.

Siku ile ile Emérence alienda ku bureau ya bapolisi. Ku mulango kulikuwa pipa ya muchanga. Iliwekwa pale zamani, juu kila polisi anayerudi ku kazi atoe chargeur, avute culasse bunduki ifunguke, aangalie ndani yake, kisha avute gâchette mudomo ukiwa mu muchanga, ijulikane kama hakuna kitu kimebakia. Mu ile pipa sasa kulikuwa vitunguu. Vilimea muzuri sana.

Commandant Kalala alimupokea kwa heshima, akamupatia kiti. Secrétaire alikuwa tayari na karatasi. Tshibangu alisimama ku ukuta, amevaa suruali yake, muguu moja mufupi, mwingine murefu.

"Eleza, agent," Kalala alisema.

"Mon commandant, nilitoa chargeur. Mais sikujua kama risasi moja ilibakia mu chambre."

Emérence alisimama.

"Chambre ya nani?"

Secrétaire akaandika.

"Mama, hapana ile chambre ya kulala. Ni chambre ya bunduki. Mimi njo nilisahau ku—"

"Tshibangu, nyamaza," Kalala alisema. "Mama ameuliza swali ya maana." Aliweka bic chini, akaegemea kiti. Alikuwa na uso wa mutu aliyekuwa anatafuta njia ya kutoka, na mulango umejifungua. "Mama, wakati wa tukio, agent alikuwa amevaa nini?"

"Kikwembe."

"Cha nani?"

"Changu," Emérence alisema. Alisikia neno likitoka, na hakuweza tena kulirudisha.

"Kumbe," Kalala alisema.

Saa sita karatasi ilikuwa na stampu. Ilisema kama agent alikuwa mu kikwembe cha bibi ya fundi, kama risasi ilitoka mu chambre, na kama bibi mwenyewe hakujua ni chambre ya nani. Affaire ya kifamilia. Polisi haiingiliaka mambo ya vyumba vya batu.

Muji wa Butembo ulisoma ile karatasi bila kuiona. Mbele ya saa tisa, bamama ba soko balijua kama Maliro alipatikana mu chambre ya Elikia, bibi ya Tshibangu, kule mu camp. Batu ba garage nabo balijua kama ni Tshibangu alipatikana mu chambre ya Emérence, na preuve ya kuonesha ni kikwembe. Rébecca, aliyeona yote kwa macho yake mbili, alianza kuwa na mashaka na macho.

Maliro alitembea. Alijifunza ile kazi haraka, ni fundi. Ukienda mbio saa moja, unapata saa mbili za kulala mu manyasi, kisha unasikia kamulio kadogo sawa mbu, unasimama, unaenda. Batu ba kandokando ya barabara balizoea. Balikuwa banafungua mulango wa mbele na wa nyuma, risasi ipite bila kutoboa ukuta. Mama mumoja alisahau kuanua nguo, akapata tundu moja ndogo, safi, ku kila shuka.

Ku barrière, askari alimusimamisha.

"Hii munition ni ya nani?"

"Ya Serikali."

"Na weye unatembea nayo juu ya nini?"

"Mimi sitembei nayo. Yenyewe njo inatembea na mimi."

Askari aliandika jina la Maliro mu kitabu: amekutwa na munition ya vita. Risasi aliiacha ipite, juu haikuwa na jina la kuandika.

Siku ya tatu Emérence alimukuta ku njia, na bugali na maharagi mu kisahani.

"Kula."

"Wasingya, mama," Maliro alishukuru.

Maliro alikula akitembea kinyumenyume, juu aone nyuma. Emérence alitembea kando yake, mikono ku kifua.

"Elikia anapikaka kupita mimi?"

"Nitajuaje? Mimi nilijua suruali ya bwana yake tu."

"Mais uliijua muzuri."

"Na kikwembe chako? Naona kilijua njia ya kile kiuno bila kuoneshwa."

"Weye mwenyewe ulisema nimupatie kikwembe!"

"Nilisema kikwembe. Sikusema kile cha maua."

Bakaangaliana. Hakuna aliyecheka. Kamulio kakasikika nyuma ya kona. Maliro alirudisha kisahani, akapangusa kinywa, akaenda.

Kesho yake Emérence aliingia mu camp ya bapolisi na muti wa kinu mu mukono. Elikia alikuwa inje anatwanga sombe, majani ya mihogo.

"Umeleta muti? Vizuri," Elikia alisema. "Wangu umepasuka. Saidia kwanza, utanipiga kisha."

Emérence alitwanga. Kinu mbele ya mutu hakikatalike. Wakati sombe ililainika, Elikia alikata bua la papai, lile lenye tundu ndani, akaingiza maharagi moja nyuma.

"Bunduki ni hii. Mufuko wa maharagi ni huu, njo chargeur." Akatupa mufuko mbali. "Sasa nimetoa chargeur. Bunduki iko na kitu ama haina?"

"Haina."

Elikia akapuliza. Maharagi ikamupiga Emérence ku paji la uso.

"Ile moja ilibakia mu chambre," Elikia alisema. "Bunduki nayo iko na chambre, dada yangu. Risasi njo inalalaka mule. Bwana yangu hakuangalia. Hawaangaliaka."

Emérence alikaa chini, akajishika paji.

"Donc ile siku Tshibangu alikuwa anataka kusema."

"Alikuwa anasema."

"Na mimi nikauliza chambre ya nani."

"Weye ukauliza."

Balienda bote wawili kwa Kalala, juu karatasi ibadilishwe. Kalala aliwapatia viti. Alisema karatasi ikishapata stampu hairudiaka kuwa nyeupe. Alisema tena bamama wawili bakija pamoja juu ya bwana moja na kikwembe moja, ile ni kusukuma affaire mbele, si kuimaliza. Na Tshibangu hayuko tena. Ametumwa Beni, commune ya Ruwenzori, kufundisha ba agent bapya kushika bunduki.

"Yeye?" Elikia aliuliza.

"Ana expérience," Kalala alisema.

Emérence alimufuata Maliro ku barabara, akamuambia yote, hata ile maharagi. Hakuomba musamaha kwa neno. Alivua viatu vyake vya kanda, vyenye nyayo nzima, akamupatia, akachukua vya Maliro vilivyoisha.

"Nenda Beni. Yule mutu alitaka kusema. Mimi njo nilimuziba kinywa, weye ukamufungue."

Kutoka Butembo mupaka Beni ni kilometre makumi tano na nne. Maliro alifika asubui ya siku ya pili. Mu kiwanja, ba agent bapya makumi mbili balikuwa bamekaa ku mabanco. Tshibangu alikuwa amesimama mbele ya tableau yenye picha ya bunduki, na alikuwa anafundisha muzuri kabisa.

"Kidole inje. Mudomo chini. Kila bunduki iko na risasi mupaka uangalie kwa macho yako. Chambre ni hii hapa." Aliizungushia mustari mweupe kwa craie. Ndiyo akamuona Maliro. "Papa."

"Afande. Iko nyuma yangu, itafika kisha dakika kumi. Uiambie ni yako, basi. Mimi sikuleta plainte ya kukushitaki. Miguu yangu imechoka."

Maliro akakaa ku banco ya mwisho. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa ku kiti tangu Mardi. Bapya bakasogea, juu apate nafasi.

Risasi iliingia ku portail. Ba agent bakainamisha vichwa, mustari kwa mustari, ikapita juu yao. Mumoja, Ariel, akanyanyua mukono.

"Mwalimu, ile ni mufano?"

Risasi ilikuwa imebakiza hatua tatu kufika ku kifua cha Maliro. Pale ikasimama. Ikamugeukia Tshibangu, ikangoja. Maliro hakuondoka ku banco. Alikuwa ameweka mikono ku magoti, na macho ku kinywa cha yule mutu.

Tshibangu alipangusa craie ku suruali. Midomo yake ilianza. Maliro aliona neno limefika ku meno. Ba agent makumi mbili balikuwa na bic juu ya kayi, banangoja mwalimu aseme.

"Andikeni," Tshibangu alisema. Hakuangalia mutu. "Kuna zingine zinatokaka zenyewe."

Bic makumi mbili zikaandika.

Maliro alisimama polepole, akamushukuru yule aliyemupatia nafasi, akaruka kaukuta ka nyuma.

Mwaka ulipita. Maliro sasa anashuka na kupanda barabara ya Butembo na Beni, na batu banajua siku zake. Emérence anapakia machine ku chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, anamungojea mu kijiji cha Maboya kila siku ya Jeudi. Maliro anashona saa moja na nusu, anafunga uzi, anaenda. Wateja banaleta nguo pale pale. Banasema mushono wake umekuwa wa haraka kupita mbele.

Jeudi iliyopita, mbele kidogo ya kufika Maboya, aliona nyuma yake mama mumoja anatoka Beni, mukoba ku bega, viatu vya visigino virefu, anatembea haraka na kugeukageuka. Alikuwa mwalimu, alitumwa huku kutoka Kasaï. Jina lake Josée. Nyuma yake, mbali, kitu kimoja kipya kilikuwa kinang'aa mu jua.

Maliro alimungoja, bakatembea pamoja, upande wa kushoto, juu ba pikipiki bapate njia.

"Nilikuwa nasahihisha kayi za banafunzi," Josée alisema. "Polisi mumoja kijana akaingia kuuliza njia ya kwenda bureau. Anaonesha njia na bunduki: ni huku, ama ni huku? Ikalia. Nikamuambia, mutoto wangu, sema ni yako. Akatoa kakayi ka masomo yake mu mufuko, akasoma kwanza."

"Alisoma nini?"

"Sikungoja. Muzee, hii inachukuaka siku ngapi?"

Maliro aliangalia nyuma. Risasi yake ilikuwa imefika ku daraja. Ya mama ilikuwa karibu zaidi, na ilikuwa ingali na nguvu. Kisha aliangalia vile viatu.

"Vua, Madame," alisema. "Leta nikubebee."