Vidari Vilivyoshonwa

Esnath hakuja Tukuyu kusalimia. Alitoka Masukulu na jogoo mwekundu kwapani ili aone kwa macho yake kitu gani mwanawe Ackson analishwa. Tangu amwoe huyu Jenifer, mwaka mzima sasa, kijana hakukanyaga nyumbani. Krismasi alituma sukari na kanga kwa dereva wa lori. Yeye mwenyewe ana biashara, eti. Haya, enzi za ruksa kila mtu ana biashara, na ndizi za Rungwe zinaliwa mpaka Dar es Salaam. Lakini mtoto aliyekuwa hapitishi Jumapili bila kumwona mama yake hageuki hivihivi. Kijijini walishalitaja limbwata, dawa ya kumfunga mume, na Esnath hakuona sababu ya kuwabishia.

Kwa hiyo jogoo alipochinjwa, akavuta kigoda mpaka mlangoni mwa jiko.

"Mama, kapumzike sebuleni," Jenifer akamwambia. "Mvua imekulowesha."

"Napumzika hapahapa."

Jenifer hakumkata jogoo kama watu wanavyokata. Alitoa mnofu wa kidari pande zote mbili, bila mfupa, kisha akapasua kila mnofu ubavuni ukawa kama mfuko. Bakulini akachanganya mkate uliosagwa, karoti, kitunguu na unga wa manjano uliofungwa kwenye karatasi.

"Hiyo dawa gani?"

"Binzari, mama, nimenunua dukani kwa Kasim. Mapishi haya nilijifunza nilipokuwa napika kwenye ile gesti mpya."

Gesti tena! Esnath akaguna.

Firigisi aliiona, imeoshwa, iko pembeni ya ubao. Hiyo ndiyo aliyoikodolea macho kuliko vyote. Kwao firigisi ni ya baba mwenye nyumba, mwanamke haigusi. Miaka yote ya ndoa yake aliipika, akaiweka juu ya bakuli la mumewe, na hakuwahi kuionja. Mume alipofariki ikawa ya Ackson.

Alijibana mpaka akashindwa, akakimbilia chooni. Aliporudi minofu ilikuwa imeshajazwa na kushonwa kwa sindano, mmoja kwa uzi mweusi, mwingine kwa uzi mweupe. Firigisi haikuwepo ubaoni. Akafunua sufuria ya mapaja na shingo, akachungulia, haikuwemo.

"Nyuzi mbili za nini?"

Jenifer akacheka kidogo huku akipanga makaa juu ya mfuniko wa sufuria ya minofu. "Nisichanganye tu, mama."

Asichanganye! Esnath akawaza. Basi kipo kitu cha kuchanganywa, na firigisi ya mwanawe imeshakatiwa humo.

Chakula kilipoiva, Jenifer akapakua na ndizi. Uzi mweusi akamwekea Ackson, mweupe mama mkwe, na yeye akajiwekea shingo na mgongo. Akatoka kuleta maji ya kunawa. Ackson alikuwa amesimama dirishani akiongea na mtu wa lori. Esnath akabadilisha sahani chapuchapu. Aliogopa, lakini alijisemea kwamba yeye ni mjane, dawa ya mapenzi itamfunga kwa nani? Bora imdhuru yeye kuliko mtoto.

Wakachomoa nyuzi, wakala. Esnath alitafuna akingoja kichwa kizunguke, nacho hakikuzunguka. Chakula kilikuwa kitamu, na hilo likamuudhi zaidi.

"Ahaa!" Ackson akasema. Katikati ya mnofu wake alikuta firigisi nzima. Akaimega nusu, akaitia kinywani kwa mazoea. "Kumbe ulinifichia, mke wangu."

Jenifer akaacha kula. Akautazama uzi mweupe ukingoni mwa sahani ya mumewe, akautazama mweusi kwenye ya mama mkwe. Esnath akaona kuwa ameshajua.

"Ilikuwa ya mama," Jenifer akasema taratibu. "Mkubwa wa nyumba hii ni yeye. Niliificha ndani usije ukaanza habari za mila kabla hajaila." Akainamisha macho. "Nimechanganya sahani mwenyewe. Nisamehe, mama."

Esnath alitamani ardhi ipasuke immeze. Mtoto wa watu kambebea kosa lake, wala hakusitasita.

"Lete," akamwambia Ackson. Akapokea ile nusu, akaitafuna muda mrefu. "Ndiyo hii? Ndiyo hii waliyotunyima miaka yote?"

Jenifer akacheka. Esnath hakucheka.

"Hukuchanganya, mwanangu. Nilizibadilisha mimi. Nilidhani unamlisha dawa, maana nyumbani haji tena."

"Dawa, mama?" Jenifer alishangaa kweli. "Mimi kila Jumapili namwambia twende Masukulu. Anasema barabara mbovu."

Esnath akamgeukia mwanawe. Ackson alikuwa ameinama, anauzungusha ule uzi mweupe kidoleni.

"Kumbe hujafungwa," mama yake akasema, na moyo ukamuuma kuliko siku zote alizodhani ni limbwata.