Hesabu ya Vidonge Ilitimia

Kikundi chetu kilikuwa na watu sita, na mimi nilikuwa mwenyekiti wake kwa miaka tisa. Kila mwezi mmoja wetu alikwenda kliniki kuchukua dawa za wote, ili watano wengine wasipoteze siku nzima kwenye foleni. Kliniki waliruhusu utaratibu huo kwa sharti moja: kila mwanakikundi ameze kidonge chake kila siku, na virusi vyake vya UKIMWI viendelee kulala. Siku moja kabla ya kwenda tulikutana sebuleni kwangu, kila mtu na kopo lake. Nilimwaga vidonge kwenye sinia nikavihesabu kwa ncha ya kisu, viwili viwili. Kopo lina thelathini. Siku zikipita ishirini na nane, vibaki viwili. Kikionekana cha tatu, mwenye kopo anajieleza.

Hesabu hiyo niliwafundisha mimi. Nilianza kazi nikiwa tarishi, nikasoma shule ya jioni miaka sita, nikastaafu nikiwa karani mkuu wa masjala. Ndiyo maana mpaka leo wananiita Karani. Ukutani mwa kliniki kuna bango linalosema kwamba taifa linataka katika kila watu mia wanaotumia dawa, tisini na tano wawe wamefubaza virusi. Sista, yaani muuguzi mkuu wa pale, alizoea kuwaambia wageni, "Taifa linatafuta tisini na tano, Karani ana mia kwa mia." Nilijifanya sijasikia, ila siku hizo nilirudi nyumbani nikitembea wima.

Kila Jumanne nilijitolea pale kliniki. Walinipa meza mlangoni na daftari la mahudhurio. Niliandika majina, nikakagua kadi, na watoro wa dawa niliwapa maneno yao. Mgeni aliyetoka kliniki nyingine bila barua ya uhamisho nilimwelekeza arudi alikotoka akailete. Masjalani faili halifunguliwi bila barua, nami sikuona sababu ya afya ya mtu kuheshimiwa pungufu ya faili.

Katika wale sita, rafiki yangu mkubwa alikuwa Fundi Saa. Ana kibanda cha vioo pembeni mwa posta, anatengeneza saa za mkono katika zama ambazo kila mtu anatazama saa kwenye simu. "Wateja wangu wengi wako makaburini," husema, "na waliobaki ni wabahili kama Karani." Saa niliyoivaa alinipa yeye nilipostaafu. Tulipimwa mwaka mmoja, tukaanza dawa wiki moja, na kwenye kadi kila mmoja alimwandika mwenzake kuwa msaidizi wa dawa, yule mtu anayeitwa mambo yakiharibika. Binti yangu amemwita baba mdogo tangu hajaota meno.

Mwaka huu damu zilipopimwa, watano tulikuwa salama. Fundi Saa alikutwa na virusi elfu sitini.

Sista alituita wote wawili chumbani kwake.

"Mzee, dawa unameza?"

"Nameza."

"Kila siku?"

Fundi Saa akaitazama kofia yake iliyokuwa magotini. "Karani anahesabu," akasema.

Nikadakia. "Sista, huyu namhesabia kila mwezi kwa mkono wangu. Hakijawahi kuzidi hata kimoja. Kama kuna kosa, liko maabara. Mimi naweka jina langu."

"Jina lako nalijua," Sista akasema. "Virusi havilijui. Tutampima tena baada ya miezi mitatu. Ikiwa hivi tena, kikundi nakivunja na wote mnarudi foleni. Na hilo la foleni ni dogo. Huyu mwenzako ataanza kuumwa."

Njiani nilimwambia Fundi Saa kwamba kuanzia kesho yake saa mbili asubuhi nitakuwa kibandani kwake.

"Kufanya nini?"

"Kukutazama ukimeza."

"Marehemu mke wangu hakunichunga hivyo."

"Ndiyo maana ulimshinda ujanja."

Kwa kawaida utani kama huo angeurudisha na riba. Safari hii aliivuta kofia yake mpaka kwenye nyusi, akaendelea kutembea.

Siku tatu nilikaa kwenye kigoda chake, saa mbili kamili. Alimeza kwa chai iliyopoa, akiwa na uso wa mtu anayelipa faini. Siku ya tatu akaniuliza, "Karani, huna kazi nyingine?"

"Nimestaafu."

"Basi nistaafishe na mimi."

Siku ya nne nilitoka mapema, nikafika saa moja na nusu. Kupitia kioo nikaona mgongo wa mwanamke aliyevaa koti la buluu. Koti lile nalijua, vifungo vyake nilinunua mimi. Ni la duka la kunakili karatasi alikoajiriwa binti yangu. Miezi minane nyuma alirudi kwangu kutoka mji wa mumewe akiwa na sanduku moja. Nilipomuuliza, alisema, "Tumeshindwana, baba," nami kwa kumheshimu sikuchimba zaidi. Sasa alikuwa amekinga mkono, na Fundi Saa anamtilia kidonge kutoka kopo lake ndani ya bahasha ndogo, zile anazohifadhia skrubu.

Nilichofikiri kwanza ni aibu kukiandika. Nilifikiri juu ya daftari langu la hesabu ya vidonge.

"Tangu lini?" nikauliza mlangoni.

Binti yangu hakugeuka. Fundi Saa ndiye aliyejibu.

"Miezi sita. Siku moja mimi, siku moja yeye. Usimfokee, hakuniomba. Nilimkuta nyuma ya posta analia, nikamhoji mpaka akasema. Siku tatu hizi umekaa hapa, yeye hajameza kitu."

"Na mimi nimekuapia mbele ya Sista."

"Nilikusikia."

"Nimehesabu vidonge vyako mara sita."

"Na hukukosea hata mara moja. Vilitoka koponi sawasawa."

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo nilikifundisha kikundi nikiwa na maana ya virusi. Sikujua kwamba siku moja itakaa kwenye kigoda na kunitazama machoni. Nilimwambia kwamba amemnusurisha mwanangu nusu na kumuua nusu, na yeye mwenyewe vivyo hivyo, kisha kila mwezi amekuja kukaa kwenye kiti changu, akanywa chai yangu na kunitazama nikihesabu uongo.

"Najua," akasema. "Nilidhani ni mwezi mmoja tu, mpaka apate moyo wa kukwambia. Mwezi ukazaa mwezi."

Nikamgeukia binti yangu. "Kliniki ni mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani. Dawa ni bure. Baba yako yuko mlangoni."

"Nilikuja," akasema. "Jumanne ya kwanza baada ya kurudi; dawa ziliniishia nikiwa bado kule. Barua ya uhamisho sikuwa nayo, nilitoka kwa mume wangu kama mtu anayekimbia moto. Ulikuwa mezani, na mbele yako mama mmoja ana mtoto mgongoni. Ulimwambia, serikali inakupa uhai bure, unautupa, kisha unakuja kunililia mimi. Watu wa kwenye benchi wakacheka. Nikageuka."

"Yule alikuwa mtoro wa miezi minne."

"Mimi nilikuwa wa miwili, baba."

"Wewe ni mwanangu."

"Ndiyo. Ungeniandika kwa mwandiko mzuri."

Fundi Saa alifunga kopo lake, akaliweka juu ya meza katikati yetu, na mtu hakuligusa.

"Chukua mkoba wako," nilimwambia binti yangu. "Twende."

"Leo siyo Jumanne?"

"Leo siyo Jumanne. Sitakuwa mezani."

Getini aliniomba nibaki nje. Nilikaa kwenye ukingo wa mtaro zaidi ya saa moja, nikitazama mlango ambao kwa miaka mingi nilikuwa nautazama kutoka ndani. Sista alipotoka kunijulisha kwamba mwanangu amepewa dawa, damu imechukuliwa na ataonwa tena baada ya wiki mbili, nilimuuliza kuhusu barua.

"Barua tutaifuatilia kwa simu. Dawa haisubiri barua, haijawahi kusubiri. Huyu binti anasema alidhani ni lazima." Akakunja uso. "Na si wa kwanza. Sijui nani huwa anawaambia."

Nilianza kuwakumbuka niliowarudisha, nikagundua siwezi, kwa sababu asiye na barua sikumwandika daftarini.

Jumanne iliyofuata sikwenda, wala iliyofuata hiyo.

Kadi ya binti yangu niliiona juu ya meza ya chakula, ile ile niliyomfundishia herufi nikiwa mwanafunzi wa jioni. Mwandiko ulikuwa wake. Kwenye mstari wa msaidizi wa dawa alikuwa amemwandika Fundi Saa, na mbele ya neno uhusiano: baba mdogo.

"Huyu aliyekulisha nusu dozi," nikasema.

"Alinigawia ya kwake, baba."

"Na mimi niliye nyumba moja na wewe?"

Alichukua kadi, akaiweka mkobani, akafunga zipu.

"Wewe utahesabu," akasema. "Yeye ataniuliza nimeamkaje."

Nasikia Fundi Saa sasa anameza kila siku na anapanga foleni mwenyewe. Hatujazungumza. Binti yangu hupita kibandani kila asubuhi akienda kazini, saa mbili, akiwa na kopo lake mwenyewe. Mimi nameza kwa taarifa ya habari ya redio, maana saa yangu imesimama tangu mwezi uliopita, na mji mzima huu fundi wa saa ni mmoja.